Taco kwa Mahindi ya Kwale: Anza na Chokaa

Ingia soko la Ukunda asubuhi na kikapu chako. Kabla jua halijawa kali utakuwa umepata karibu kila kinachotiwa kwenye taco ya Meksiko: mahindi, nyanya, vitunguu, pilipili mbuzi, parachichi, ndimu na dania. Teremka kwa wavuvi, Mwaepe au Gazi au Msambweni, na samaki utampata. Hata ile rangi nyekundu ambayo wapishi wa Yucatán, huko huko Meksiko, huitegemea inaota Kwale hii hii, kwenye mashamba ya bixa, ingawa wengi wetu tumeizoea kama zao la kupeleka kiwandani tu.

Kinachokosekana jikoni mwetu ni hatua moja: kuyachemsha mahindi kwa chokaa. Bila hatua hiyo utapata chapati ya sembe inayokatika ukiikunja, na hutajua kwa nini. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye mahindi, kisha unaingia kwenye kuku wa bixa, samaki na kachumbari. Ni wako ukipikia watoto nyumbani, na ni wako pia ukiwa unafikiria kuweka meza ya kuuza Diani.

TACO NI NINI, NA ILITOKA WAPI

Taco ina sehemu tatu: mkate mwembamba wa mahindi, unaoitwa tortiya, kitu kilichopikwa kinachowekwa juu yake, na kitu kikali au kichachu cha kukiamsha. Unaikunja kwa mkono na kuila ukiwa umesimama. Ile ngumu iliyokaangwa ikapindwa tayari ilienezwa na migahawa ya Marekani. Mmoja wao ni Taco Bell, ambao Glen Bell alifungua wa kwanza huko California mwaka 1962. Hatutaipika hapa. Tortiya laini ndiyo asili, na ndiyo inayobeba mchuzi.

Mahindi yalianza kulimwa kusini-magharibi mwa Meksiko, kwenye bonde la mto Balsas, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Wakulima walichagua kizazi baada ya kizazi mbegu za nyasi ya mwituni, teosinte, hadi likapatikana gunzi. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita watu wa sehemu hizo walikwisha kugundua kwamba mahindi yakichemshwa na chokaa au majivu huwa chakula kingine kabisa. Wahispania walipofika mwaka 1519 walikuta tortiya ndiyo mkate wa kila siku, ikiliwa na maharagwe, samaki, bata mzinga na pilipili. Wao wakaongeza ng'ombe, mbuzi, nguruwe, vitunguu, thomu, dania na ndimu. Jina la taco linakuja baadaye: mwanahistoria Jeffrey Pilcher, mwandishi wa kitabu Planet Taco, analihusisha na wachimba migodi ya fedha, na mwishoni mwa karne ya 19 taco ilikuwa chakula cha wafanyakazi katika jiji la Mexico City.

Mapema karne ya 20 wakaja wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani, wakaanza kuchoma nyama kwenye chuma cha wima mjini Puebla. Kutokana na nyama hiyo ikazaliwa taco iitwayo al pastor, ambayo leo ni ya nguruwe iliyopakwa bixa. Aliyekula shawarma Mombasa anaijua mbinu hiyo tayari.

Upande wetu, Wareno waliofika pwani hii kuanzia 1498 ndio waliofungua njia ya mazao ya Amerika: mahindi, muhogo, pilipili, nanasi, papai, korosho. Mabaharia walibeba mbegu. Wanawake waliojua kuyapika mahindi yale hawakuwamo kwenye merikebu, na ujuzi wao ukabaki ng'ambo.

KWA NINI CHOKAA

Chokaa yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Pwani hii imechoma matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi; angalia kuta za msikiti wa Kongo pale Diani, au muulize mzee yeyote anayetafuna tambuu. Tuliipaka ukutani na kwenye jani la tambuu, ila hatukuitia kwenye chungu cha mahindi. Ikiingia mle inafanya kazi nne.

Kwanza inalegeza ganda la punje, likavuliwa kwa kusugua tu. Pili inabadilisha wanga na nyuzi za mahindi hivi kwamba donge linashikamana. Hii ndiyo sababu unga wa ugali, hata ukandwe kwa maji ya moto, hupasuka kingo ukiusukuma na kukatika ukiukunja. Tatu inaongeza kalisi, madini ya mifupa.

Ya nne ndiyo kubwa. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani ya punje na tumbo haliwezi kuifikia. Chokaa huifungua. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ujuzi huu, na yakawa karibu chakula pekee cha maskini, ulizuka ugonjwa wa pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuharisha, akili kuvurugika. Daktari Gaspar Casal aliueleza huko Hispania mwaka 1735. Uliua watu Italia na kusini mwa Marekani, na mwaka 1990 uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, ambao mgao wao ulikuwa mahindi zaidi ya kitu chochote. Mtu anayekula wari, yaani ugali, na samaki, kunde na mboga anapata niasini kwingine, kwa hiyo usiogope chakula cha nyumbani. Lakini ninaamini kabisa kwamba ujuzi huu una nafasi katika kaunti inayokula mahindi kila siku, taco au bila taco.

┌─────────────────────────────
ONYO: KUVU
Chokaa haiokoi mahindi mabovu. Mwaka 2004 sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Kitui na Makueni. Kuchemsha kwa chokaa hupunguza sumu hiyo, lakini hakuimalizi. Chambua punje moja moja kwenye ungo. Tupa iliyooza, iliyobadilika kuwa ya kijani au kijivu, iliyotobolewa na dumuzi, na yenye harufu ya uvundo. Gunia likiwa na nyingi za namna hiyo, liache lote, na usiwape kuku.
└─────────────────────────────

VIFAA NA KUNUNUA

Mahindi: nunua makavu mazima, meupe. Ukipata ya mbegu ya kienyeji kama mdzihana kutoka kwa mkulima, chukua. Punje zake ngumu zinahitaji moto mrefu kidogo lakini ladha inalipa. PH4 na mahindi mengine ya kawaida ya Pwani yanafaa vizuri. Usinunue yaliyokobolewa, na kamwe usitumie mahindi ya mbegu yaliyotiwa dawa, yale yenye rangi ya waridi, buluu au kijani. Hayo ni sumu.

Chokaa: tafuta chokaa ya tambuu, nyeupe, isiyotiwa rangi wala manukato. Wauza tambuu wanayo, na mara nyingi maduka ya viungo pia. Ikiwa ya unga, fuata vipimo vya hapa chini. Ikiwa ya majimaji, tia mara mbili yake. Chokaa ya kupaka nyumba au ya mafundi haifai kuliwa, hata ukiambiwa ni ile ile.

Chombo cha kuchemshia: hapa ndipo wengi wataharibu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na chokaa huila alumini: maji hugeuka meusi na madini huingia chakulani. Tumia chungu cha udongo, sufuria ya chuma cha pua, au ya enameli isiyobanduka.

Cha kusagia: mashine ya mkono ya kusaga nyama ndiyo ninayoipendelea. Kinu na mchi vinaweza, ukiwa na subira na mtu wa kupokezana naye. Blenda inasaga, ila itadai maji mengi. Usipeleke mahindi mabichi ya chokaa kwenye mashine ya posho. Ile ni ya nafaka kavu.

Chuma cha chapati, mfuko safi wa nailoni wa mkate uliokatwa vipande viwili, kitambaa safi na hotipoti vinatosha kwa yaliyobaki.

HATUA KWA HATUA: KUTOKA MAHINDI HADI DONGE

Kipimo hiki kinatoa tortiya 30 hivi, za kutosha watu wanane.

Mahindi makavu, gramu 500
Chokaa ya unga, gramu 5 (vijiko viwili vya chai, bapa)
Maji, lita 2

1. Jioni, osha mahindi uliyoyachambua. Yanayoelea, tupa.

2. Koroga chokaa kwenye kikombe cha maji baridi, kisha umimine kwenye chungu chenye maji yaliyobaki. Vaa glavu au epuka kuigusa, na watoto wakae mbali: chokaa inaunguza macho. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

3. Tia mahindi, yachemke, halafu punguza moto. Baada ya dakika chache yatageuka ya njano. Usishtuke, ni dalili kwamba chokaa inafanya kazi.

4. Anza kupima baada ya dakika 30. Toa punje, isugue kwa vidole: ganda likiteleza na kutoka, uko karibu. Ivunje: nje iwe laini na katikati ibaki na kiini cheupe kigumu kidogo. Mahindi ya kawaida huchukua dakika 30 hadi 45. Ya kienyeji yanaweza kufika saa nzima. Usiyaache yaive kama ya pure.

5. Ondoa motoni, funika, acha usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kulala huku kwenye maji ya chokaa ndiko kunakopenyeza kalisi ndani ya punje. Ukikuruka, donge litakuwa na mchanga.

6. Asubuhi mwaga maji yale. Suuza mara mbili au tatu ukisugua kwa viganja. Si lazima maganda yote yatoke. Yanayobaki kidogo yanasaidia donge kushika. Ukiosha hadi mahindi yawe meupe kabisa umepoteza ladha.

7. Saga. Kwa mashine ya nyama pitisha mara mbili au tatu, tundu dogo. Kwa blenda saga kidogo kidogo, ukitia maji kijiko kwa kijiko.

8. Kanda dakika tano. Funika kwa kitambaa kibichi, pumzisha dakika 20. Sasa fanya kipimo cha dole gumba: finyanga kidonge, kibonyeze. Kingo zikipasuka, donge linataka maji. Likiganda kiganjani, lina maji mengi. Lieneze kwenye sinia lipigwe na upepo, au liongezee unga kidogo wa mahindi uliosagwa laini.

Ukiwa huna siku mbili, kuna unga wa mahindi yaliyokwisha kupikwa kwa chokaa na kukaushwa, maarufu zaidi ukiwa Maseca. Unaukanda kwa maji ya uvuguvugu na kuruka hadi hatua ya 8. Soma pakiti uhakikishe ni huo. Unga wa sembe uliotiwa vitamini si mbadala wake.

KUSUKUMA NA KUCHOMA

1. Fanya vidonge vya gramu 30, ukubwa wa ndimu. Vifunike muda wote. Upepo wa Pwani hukausha donge haraka kuliko unavyodhani.

2. Weka kidonge kati ya vipande viwili vya nailoni, kwenye kibao. Kibonyeze kwa sufuria nzito yenye kitako bapa, geuza robo, bonyeza tena. Lenga upana wa sentimita 12 hadi 14. Kifimbo cha chapati kinafanya kazi, ila kinataka mkono mwepesi.

3. Bandua nailoni ya juu, pindua tortiya kwenye kiganja, bandua ya pili.

4. Chuma kiwe na moto sana, kikavu, bila mafuta. Ilaze. Baada ya sekunde 20 hadi 30 kingo zitaanza kuinuka: geuza. Acha kama dakika moja hadi itoke madoadoa. Geuza mara ya tatu, igandamize taratibu katikati kwa vidole au kitambaa. Ikifura, umefaulu mambo yote: mahindi, maji, unene na moto.

5. Iweke kwenye kitambaa ndani ya hotipoti mara moja. Zile dakika kumi za kukaa pamoja kwenye mvuke wake ndizo zinazozilainisha zote. Anayezila moja moja kutoka chumani atasema ni ngumu.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Zinapasuka zikikunjwa: donge kavu, au hazikupata muda wa kupumzika kwenye hotipoti.
Hazifuri: chuma hakina moto wa kutosha, au umesaga vibaya.
Zina uchungu wa chokaa na rangi ya njano kali: chokaa imezidi au hukusuuza vya kutosha.
Zinanata kwenye chuma: maji mengi. Usitatue kwa mafuta, tatua donge.
Zina mchanga mdomoni: hayakulala usiku kucha, au umesaga mara moja tu.

KUKU WA BIXA KWENYE MAJANI YA MGOMBA

Huyu ndiye ninayemtaka ujaribu kwanza. Kwenye Rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, nyama hupakwa bixa iliyosagwa na viungo, ikalowekwa kwa maji ya danzi, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kufukiwa ardhini. Hesabu mwenyewe: bixa tunayo, migomba tunayo, danzi zinaota kwenye viwanja vya zamani. Kule siku hizi nyama hiyo huwa ya nguruwe. Kuku au mbuzi anafaa vizuri, na jimbo la Jalisco lina mchuzi wake maarufu wa mbuzi, birria, unaoingia kwenye taco vile vile.

Bixa haina ladha kali; ina harufu ya udongo na pilipili kwa mbali, na rangi isiyopatikana kwingine. Nunua mbegu kwa mkulima moja kwa moja na uulize zilianikwa wapi. Zilizoanikwa kando ya barabara huwa na mchanga. Zioshe haraka, zikaushe. Na vaa nguo ya kazi, maana bixa haitoki.

Unahitaji: kuku mmoja aliyekatwa, bixa vijiko viwili vya chakula, mafuta vijiko vinne, thomu punje sita, uzile na pilipili manga, kijiko kimoja cha chai kila kimoja, karafuu tatu, kijiti kidogo cha mdalasini, chumvi vijiko viwili vya chai, maji ya danzi mbili, au ya chungwa moja na ndimu mbili, majani ya mgomba manne.

1. Pasha mafuta na mbegu za bixa kwa moto mdogo, dakika tatu hadi tano, hadi mafuta yawe mekundu. Yakitoa moshi au mbegu zikiwa nyeusi, anza upya, zimekuwa chungu. Chuja, tupa mbegu.

2. Twanga thomu, viungo na chumvi. Changanya na mafuta mekundu na maji ya danzi. Tumia bakuli la kioo, udongo au plastiki, usitumie alumini.

3. Mpake kuku, mfunike, mweke kwenye friji saa nne au usiku mzima. Bila friji, saa moja inatosha, kisha mpike.

4. Pitisha majani juu ya moto hadi yang'ae na kulainika, la sivyo yatapasuka. Mfunge kuku kwa tabaka mbili.

5. Panga vijiti vya kikonyo cha jani chini ya sufuria, tia maji kidogo yasifikie furushi, weka furushi, funika vizuri. Kuku wa kisasa huchukua saa moja na robo. Wa kienyeji saa mbili au zaidi. Mbuzi saa tatu. Ongeza maji moto kila yanapopungua.

6. Ameiva mfupa unapochomoka wenyewe. Nyambua nyama, irudishe kwenye mchuzi wake mwekundu.

Huliwa na vitunguu vyekundu vilivyokatwa vyembamba, vikaminywa chumvi, ndimu na kipande cha pilipili mbuzi, vikakaa nusu saa. Pilipili mbuzi ni ya jamii moja na habanero, pilipili ya Yucatán yenyewe, kwa hiyo hapa hupiki kwa kukisia.

SAMAKI, KAMA HUKO ENSENADA

Ensenada ni mji wa bandari katika Baja California, na taco yake ni ya samaki aliyekaangwa na kabichi. Chagua mwenye nyama nyeupe na imara: kolekole, songoro, fulusi, changu mkubwa. Tafi ni mtamu lakini miba yake itakusumbua ndani ya mkate.

Nunua bahari inaporuhusu. Wakati wa kaskazi samaki ni wengi na bei huwa na huruma. Kusi ikivuma, wavuvi wengi wa ngalawa hawatoki, na siku hizo pika kuku. Fulusi, nguru na jodari wakikaa juani hutoa sumu isiyoondoka hata ukikaanga: midomo inawasha, mwili unapata mabaka, kichwa kinagonga. Wachukue wakiwa kwenye barafu au waache.

1. Kata gramu 500 za mnofu, vipande vya unene wa kidole. Tia chumvi, thomu na ndimu kwa dakika kumi, si zaidi. Ndimu ikikaa inaanza kumpika.

2. Changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, kijiko cha chai cha baking powder, chumvi, na maji ya soda yaliyo baridi sana hadi uwe uji mzito kiasi. Acha mabonge madogo.

3. Mfute samaki akauke, mchovye, mkaange kwa mafuta ya moto dakika tatu hadi nne. Tone la uji likipanda juu papo hapo, mafuta yako tayari.

Kule hutia mayonezi iliyozimuliwa. Kwangu mimi tui ndilo linalostahili: kasimile ya nazi moja, ndimu, chumvi, pilipili iliyopondwa. Itengeneze saa ile ile ya kula, kwani tui bichi halivumilii joto letu. Juu weka kabichi iliyokatwa nyembamba kabisa.

MBAAZI NA KACHUMBARI

Asiyekula nyama, au mfuko ukiwa mwepesi: chukua mbaazi za nazi zilizobaki asubuhi, zikaushe kwenye kikaango hadi mchuzi upotee, ziponde kidogo, weka vitunguu juu. Basi.

Kachumbari yako ya kila siku inakaribia kabisa ile ya Meksiko. Ongeza dania nyingi na ndimu, punguza kitunguu. Lakini jaribu na ya kuchoma: weka nyanya nne, nusu kitunguu, punje mbili za thomu zikiwa na maganda, na pilipili mbuzi moja kwenye chuma kikavu hadi ziungue madoa meusi. Menya thomu, tia chumvi, ponda vyote kwenye kinu bila kulainisha sana, kamulia ndimu.

┌─────────────────────────────
ORODHA YA KUKAGUA
Siku moja kabla
☐ Mahindi yamechambuliwa na kuoshwa
☐ Chungu si cha alumini
☐ Chokaa imepimwa, haikukisiwa
☐ Kuku amepakwa bixa, yuko kwenye friji
Siku yenyewe
☐ Mahindi yamesuuzwa, yamesagwa, donge limepumzika
☐ Kuku yuko motoni kabla ya kuanza tortiya
☐ Vitunguu vimelowekwa ndimu
☐ Samaki ananunuliwa mwisho, na kukaangwa mwisho
☐ Tui linakamuliwa wageni wakiwa wamekaa
└─────────────────────────────

UKITAKA KUUZA

Anza na aina moja. Meza yenye kuku wa bixa peke yake, tortiya zikichomwa mbele ya mteja, itavuta watu kuliko karatasi ya vyakula kumi. Harufu ya mahindi ya chokaa kwenye chuma ni tangazo tosha.

Pika kundi moja nyumbani kwanza na uandike bei ya kila kitu kama ulivyonunua siku ile, makaa, ndimu na nauli vikiwemo. Gawanya kwa idadi ya taco zilizotoka, si ulizotarajia. Kila mara kuna zinazopasuka. Ongeza malipo ya mikono yako. Wanaosahau hilo hufunga wakiwa na wateja. Kabla ya kuweka meza, pata leseni ya biashara ya Kaunti ya Kwale na cheti cha afya cha anayeshika chakula, na ikiwa ni ufukweni, uliza kwanza nani anasimamia sehemu hiyo.

Waambie wateja wazi kuhusu mafuta. Tortiya ya mahindi haitiwi mafuta kabisa, lakini huko Meksiko maharagwe na tortiya za ngano mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na wateja Waislamu waliosoma kidogo kuhusu taco watakuuliza. Uwe na jibu moja la kweli: nani amechinja, umepikia nini, kwenye chombo gani.

ZILIZOBAKI

Donge hukaa kwenye friji siku mbili, limefungwa vizuri. Likinuka uchachu, litupe. Tortiya zilizopoa zirudishe chumani, moja moja, baada ya kuzinyunyizia maji kwa vidole. Za jana zilizokakamaa zikate pembetatu, zianike chini ya kitambaa, uzikaange zikauke kama krispi. Asubuhi zitie kwenye nyanya za kuchoma zinazochemka kikaangoni, zigeuze mara mbili tu zisilainike zote, vunjia yai juu na ufunike hadi lishike. Ni kiamshakinywa cha watu wa Meksiko, na chai ya maziwa inakaa nacho vizuri.